Mshambuliaji wa Hasimu: Uhamisho wa Gretzky wa Mwaka 1988

Katika historia ya hoki ya barafuni, swali la iwapo timu inafaa kuwachukua washambuliaji wanaoachiwa na hasimu wake halijawahi kuwa zito kama lilivyokuwa tarehe 9 Agosti 1988, pale Edmonton Oilers ya Kanada ilipowatoa Wayne Gretzky, Mike Krushelnyski na Marty McSorley kwa Los Angeles Kings, timu iliyoshindana nayo katika kundi moja la Smythe. Gretzky alikuwa senta, yaani mshambuliaji wa kati anayecheza baina ya mawinga wawili, na alikuwa ameiongoza Oilers kutwaa Kombe la Stanley mara 4. Oilers ilipokea dola milioni 15, wachezaji Jimmy Carson na Martin Gélinas, na haki ya kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza ya miaka 1989, 1991 na 1993.

Hatari ya kumwimarisha hasimu ilidhihirika upesi, kwani katika mtoano wa mwaka 1989 Kings iliing'oa Oilers, mabingwa watetezi, kwa michezo 4 dhidi ya 3. Lakini mwaka uliofuata Oilers iliishinda Kings michezo 4 mfululizo, ikatwaa kombe tena. Gretzky akiwa nayo, Kings ilifika fainali mwaka 1993 tu, ikashindwa na Montreal Canadiens. Hata hivyo, kuupima uhamisho huo kwa makombe pekee ni kuudhulumu, kwa kuwa mchezo huo ulishamiri California kiasi kwamba San Jose ilipata timu yake mwaka 1991, na Anaheim mwaka 1993.