Rangi Iliyoandikwa na Moto: Chuma cha Nyanza Kusini na Injini za Ndege

Mtu aundaye mfano mdogo wa ndege ya abiria aghalabu hupatwa na mashaka afikapo kwenye injini, kwa kuwa kiwiliwili cha ndege kina rangi iliyochaguliwa na wenye shirika, ilhali rangi ya chuma cha injini haikuchaguliwa na mtu yeyote, bali imeandikwa na moto. Elimu ya kuusoma mwandiko huo si ngeni katika nchi ya Homa Bay na Migori, wala haikuletwa huko na ndege.

Huko Thimlich Ohinga, Migori, kwenye maboma ya mawe yaliyopangwa pasipo udongo wala chokaa, ambayo wataalamu wanayakadiria kuwa ya tangu karne ya 16 na ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, pana mahali palipofuliwa chuma. Jatheth, kama Wajaluo wamwitavyo mhunzi, hakuwa na kipimo cha joto; alivukuta, akatazama, akajua kwa wekundu wa chuma kama wakati wa kugonga nyundo umewadia. Hata chuma kisichofikia wekundu hutoa habari zake: feleji iliyosuguliwa ikapata nyuzi 220 hivi za selsiasi huwa ya manjano hafifu, ikikaribia 260 huwa ya hudhurungi, kisha zambarau, na ifikapo 300 huwa buluu. Sababu yake ni utando mwembamba mno unaoota juu ya chuma kwa joto na hewa, nao huichezea nuru kwa kadiri ya unene wake. Kadhalika mawe yenye madini ya shaba, mfano wa yale yaliyochimbwa Macalder, Migori, hadi mgodi wake ulipofungwa mwaka 1966, yakikaa hewani hupata zambarau na buluu zinazofanana na hizo, hata bila moto.

Injini za ndege zilifika huko baadaye: tarehe 28 Februari 1931, kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari za kutoka London hadi Mwanza, na kutoka Khartoum kuja kusini zilitumika ndege za majini za Short Calcutta, zenye injini tatu za Bristol Jupiter, nazo zilitua Kisumu kabla ya kumalizia safari. Atazamaye ramani ataona kwamba njia ya Ziwa Viktoria baina ya Kisumu na Mwanza hutoka ghubani karibu na kisiwa cha Rusinga, ikaelekea kusini sambamba na pwani ya Karungu na Muhuru. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa zaidi za Short Empire, zenye injini nne za Bristol Pegasus, zikipitia Kisumu kwenda Mombasa na hatimaye Durban.

Nionavyo mimi, hiyo Empire ndiyo mtihani wa kweli wa mwundaji wa mfano. Mwili wake ulikuwa wa rangi ya fedha, lakini mbele ya kila injini palikuwa na pete iliyokusanya moshi wa silinda zote 9, na pete hiyo, kwa kuunguzwa safari baada ya safari, iligeuka rangi ya shaba iliyoiva, yenye hudhurungi na buluu. Anayeipaka fedha sawa na mwili ameinyang'anya ndege safari zake zote. Afadhali atangulize rangi nyeusi inayong'aa, aiache ikauke barabara, juu yake apitishe rangi ya chuma kwa tabaka nyembamba sana, kisha tabaka angavu za hudhurungi, zambarau na buluu, zenye maji mengi kuliko rangi. Na asizitawanye ovyo, bali aufuate moshi wenyewe: buluu aiweke karibu na mahali mabomba ya silinda yanapoingia, na manjano aiache mbali, pale joto lilipopungua, kwani mpangilio huo, tangu buluu hadi manjano, haupinduki, uwe wa chuma cha mhunzi au wa injini ya Pegasus.