Ubadilishaji Anwani: Kompyuta Nyingi, Laini Moja

Nyabibuye ni kata ya Wilaya ya Kakonko, mkoani Kigoma. Kabla Kakonko haijatengwa mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Kibondo, na wapo ambao hadi leo ukiwauliza watakwambia wanatoka Kibondo. Nyumba yenye kompyuta katika vijiji vya huko kwa kawaida haina waya wa intaneti unaoingia ukutani. Ina laini ya simu. Laini hiyo huchomekwa kwenye ruta, ruta ikawekwa dirishani upande uliko mnara, maana nchi ni ya milima na bonde moja tu linatosha kukukatia mawimbi. Kompyuta ya baba, laptopu ya dada aliye likizo kutoka chuoni na simu za nyumba nzima, zote zinatumia bando lile lile.

Kinachowezesha hayo kinafanyika ndani ya ruta, na Waingereza wanakiita network address translation, kwa kifupi NAT. Ukikifuata neno kwa neno utapata "tafsiri ya anwani za mtandao". Mimi nasema tukiite ubadilishaji anwani, na sababu zangu zinatokana na kazi yenyewe inavyofanyika.

Kila kifaa kinachoomba kitu kwenye intaneti lazima kiwe na anwani ya kurudishiwa jibu. Katika mfumo wa IPv4, uliopangwa mwaka 1981 na ambao bado unatumika kila mahali, anwani ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, na jumla ya anwani zote zinazowezekana haifiki bilioni 4.3. Kwa dunia nzima hizo ni chache. Mafungu ya mwisho kwenye ghala kuu la dunia yaligawiwa Februari 2011, na hapa Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius.

Wataalamu waliuona upungufu huo mapema. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha waraka unaojulikana kama RFC 1631, wakipendekeza kwamba vifaa vingi vijifiche nyuma ya anwani chache. Waliitoa kama dawa ya muda. Februari 1996 waraka mwingine, RFC 1918, ukatenga mafungu matatu ya anwani za kutumika ndani tu: zinazoanza na 10, zinazoanzia 172.16 hadi 172.31, na zile ambazo kila fundi anazijua kwa kichwa, zinazoanza na 192.168. Dawa ya muda ndiyo inayoendesha nyumba zetu mpaka leo.

Mtanzania anaielewa hali hii haraka, kwa sababu ameishi na S.L.P. Shule ya sekondari yenye mamia ya wanafunzi ina sanduku moja posta. Barua zao zote huja kwa namba hiyo moja, na karani ndiye anayezigawa. Lakini barua ya shuleni ina jina la mwanafunzi juu ya bahasha. Pakiti ya data hairudi na jina la mtu. Ruta inapaswa kukumbuka yenyewe nani aliomba nini.

Tuifuate pakiti moja. Laptopu ya dada imepewa na ruta anwani 192.168.1.10. Anafungua tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, kumwangalizia mdogo wake matokeo. Laptopu inatuma ombi likiwa na anwani hiyo pamoja na namba ya mlango, tuseme 51000. Mlango huu si tundu la kuchomekea waya. Ni namba ya kutofautisha mazungumzo haya na mengine yanayoendelea kwenye laptopu hiyo hiyo. Ruta inaifuta 192.168.1.10 na mahali pake inaandika anwani yake ya nje. Tuseme ni 203.0.113.7, namba iliyotengwa kwa ajili ya mifano ya vitabuni. Inafuta 51000, inaandika 62001. Kisha inaweka mstari kwenye jedwali lake: 62001 ni ya 192.168.1.10, mlango 51000. Jibu linaporudi kwa 203.0.113.7, mlango 62001, ruta inasoma jedwali, inazirudisha namba za mwanzo, na matokeo yanafunguka mbele ya dada. Dakika hiyo hiyo baba anaweza kuwa kwenye tovuti ile ile kwa kompyuta yake. Yeye ana mstari wake kwenye jedwali. Namba za milango ni 65,536, hivyo familia haizimalizi kirahisi.

Sasa turudi kwenye neno. Anayetafsiri anachukua maana kutoka lugha moja na kuitia katika nyingine, na msomaji wa tafsiri anatarajia kuipata maana ile ile. Katika safari tuliyoifuata hakuna maana iliyovushwa. Mtambo wa NECTA haujui kabisa kwamba kuna 192.168.1.10, na wala hauhitaji kujua. Namba moja imeondolewa, nyingine imewekwa, na wakati wa kurudi kitendo kimetenduliwa. Kiswahili kinakiita hicho kubadilisha. Neno hili linazaa na mengine bila taabu: ruta inabadilisha anwani, kuna jedwali la ubadilishaji, kuna anwani iliyobadilishwa. Ukijaribu hivyo na "tafsiri" unaishia kwenye "anwani iliyotafsiriwa", na mteja atakuuliza imetafsiriwa kwa lugha gani.

Jozi inayoandamana na istilahi hii inanipa wasiwasi zaidi. Anwani za 192.168 mara nyingi huitwa "anwani binafsi", na ile ya upande wa pili "anwani ya umma". Binafsi kwa masikio yetu ni mali ya mtu mmoja, au jambo la siri. Anwani 192.168.1.10 si mali ya mtu yeyote: ipo Nyabibuye, ipo Kariakoo, ipo Muscat, ndani ya mamilioni ya nyumba kwa wakati mmoja, na hakuna ugomvi kwa kuwa haitoki nje ya ukuta wa ruta. Wala haina siri yoyote. Mtu anayeamini kuwa kompyuta yake iko salama eti kwa sababu ina "anwani binafsi" ataacha nywila ya ruta kama ilivyotoka kiwandani, na hapo neno limeshamletea hasara. Tuseme anwani ya ndani na anwani ya nje. Hata mtoto wa darasa la tano ataelewa ipi inaishia wapi.

Kuhusu jina la kifaa chenyewe, ruta, sina ugomvi na mtaa. Simu za Android zilizowekwa Kiswahili zinakiita kipanga njia, kama zinavyoita hotispoti mtandaopepe, neno zuri ninalotamani lisikike zaidi. Kipanga njia kinaifaa sana mitambo mikubwa ya Mkongo wa Taifa, ambayo kweli huchagua njia moja kati ya nyingi. Ruta ya nyumbani ina njia moja tu ya kutokea. Kazi yake kubwa ni kugawa anwani za ndani na kuzibadilisha. Iendelee kuitwa ruta.

Kazi hii imewahi kufanywa na kompyuta ya kawaida. Mwaka 1999 Windows 98, toleo la pili, ilikuja na uwezo wa kompyuta moja yenye modemu kuwa lango la wenzake. Yenyewe ilijipa 192.168.0.1 na kuzihudumia nyingine. Ikizimwa, nyumba nzima imekatika. Kwa nini tuendelee kuwasha mashine kubwa kwa kazi ndogo namna hiyo? Ruta ilipokuwa bei nafuu, mtindo huo ulikufa karibu kote.

Kwa wakazi wa Kasulu, mfano mkubwa wa vifaa vingi kutumia laini moja uko jirani. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na baadaye ikapokea Warundi wengi, Vodafone Foundation na UNHCR wameweka madarasa ya Instant Network Schools, mpango ulioanza mwaka 2013. Darasa zima la tableti linategemea muunganisho mmoja. Kwa mitambo iliyo nje ya kambi, watoto wote wale wanaonekana wametoka mahali pamoja.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalielezi kwa wateja, nalo ni kwamba mara nyingi anwani hubadilishwa mara mbili. Kampuni za simu nazo hazina anwani za nje za kumtosha kila mwenye laini, hivyo nazo zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Aprili 2012 fungu la kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 lilitengwa rasmi kwa kazi hiyo. Fungua ukurasa wa ruta yako utazame anwani yake ya nje. Ikiwa inaanza na 10, au imo ndani ya fungu hilo la 100, ujue kampuni imekuweka nyuma ya jedwali lake. Hapo kamera uliyofunga dukani Kakonko haitafikika moja kwa moja ukiwa Kigoma mjini, hata ukipanga milango yote ya ruta usiku kucha. Itabidi kamera itumie huduma ya kati, ambayo kamera yenyewe inaanza kuiita kutoka ndani. Na tovuti ikikwambia umezuiwa ilhali hujafanya lolote, huenda aliyeharibu ni mteja mwingine mnayeshiriki naye anwani.

Ubadilishaji anwani hauongezi bando wala kasi. Kompyuta tatu zikiwashwa pamoja asubuhi, kila moja inaweza kuanza kupakua masasisho yake, na bando la wiki likaisha kabla ya mchana. Kwenye mipangilio ya Windows, iambie kila kompyuta kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Itapunguza kupakua bila kukuuliza.

IPv6, yenye anwani za biti 128, inaweza kukipa kila kifaa anwani yake ya nje na kuondoa haja ya kubadilisha. Lakini kwa miaka mingi ijayo mifumo hii miwili itaishi pamoja, na istilahi tutaihitaji.

Somo la kompyuta sekondari linafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili cha mambo haya kinatengenezwa kwenye menyu za simu, kwenye vitabu vya shule za msingi na kwenye meza za mafundi. BAKITA na TATAKI, wenye dhamana ya Kiswahili, wakifika kwenye maneno haya, nawaomba wapime ubadilishaji anwani, anwani ya ndani na anwani ya nje. Na kabla ya kuamua, wawaulize mafundi wa Kibondo na Kasulu, kwa sababu wao ndio wanaowaeleza wateja mambo haya kila siku.