Baridi, Damu na Upasuaji wa Moyo: Mgonjwa wa Bonde la Kilombero katika Historia ya Tiba

Historia ya upasuaji wa moyo nchini Tanzania kwa kawaida huanzia Dar es Salaam: upasuaji wa kufungua moyo ulipoanza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanzishwa mwaka 2015. Insha hii inadai kwamba kwa baadhi ya wagonjwa historia hiyo huanzia mbali zaidi, katika damu waliyotoka nayo nyumbani.

Mwaka 1952 madaktari wa Minnesota, Marekani, walifungua moyo wa mtoto baada ya kuupoza mwili wake. Mwaka uliofuata, John Gibbon alifanikiwa kutumia mashine ya moyo na mapafu huko Philadelphia. Baadaye mbinu hizo ziliunganishwa, kwa kuwa tishu iliyopozwa huhitaji oksijeni kidogo. Msingi wake ulikuwa dhana kwamba damu huvumilia baridi.

Dhana hiyo haiwahusu wote. Mwaka 1903 Karl Landsteiner alieleza, katika damu ya wanyama, kingamwili zinazoshikamanisha chembe nyekundu damu inapopoa. Baadaye zilibainika kwa binadamu pia. Chembe zilizoshikamana huweza kuziba mishipa midogo ya moyo, na nyingine hupasuka. Kingamwili hizo huweza kuongezeka kufuatia maambukizi, yakiwamo malaria.

Hapo ndipo Kilombero inapoingia. Ifakara, ambako Rudolf Geigy wa Uswisi alianzisha maabara katika miaka ya 1950, imejulikana kwa utafiti wa malaria. Hata hivyo, joto la bonde huweza kuificha hali hii: mkulima wa mpunga anaweza kuishi miaka mingi bila dalili, na baridi kali ya kwanza kuifikia damu yake ikawa ile ya chumba cha upasuaji.

Njia za kumkinga zinajulikana. Maabara hupima wingi wa kingamwili na nyuzijoto ambapo huanza kutenda. Ikibidi, mwili hauupozwi, moyo husimamishwa kwa dawa vuguvugu, na damu ya kuongezewa hupashwa joto.

Kigumu ni kujua mapema. Sampuli inayoshikamana ikitoka kwenye jokofu na kuachana ikipashwa joto haijaganda, inatoa onyo. Onyo hilo likionekana Ifakara, linapaswa kuandikwa katika barua ya rufaa, kwani likiachwa maabara, daktari wa Dar es Salaam huenda akaligundua mgonjwa akiwa tayari kwenye mashine.