Plau ya Jirani

Nilipokuwa nikifundisha Kiingereza, niliwaambia wanafunzi kwamba distress maana yake ni dhiki, nikaendelea na somo. Sikujua kuwa katika mahakama za kale za Uingereza neno hilo lilitaja kazi maalumu: kukamata mali ya mtu ili abanwe. Asili yake ni Kilatini, kukaza kama akazavyo mtu kamba. Na dhiki yetu imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya wembamba. Maneno ya mbali, yakakutana penye kubanwa.

Katika karne ya 13 mambo yalikwenda hivi. Mdaiwa aliitwa barazani. Asipofika, ofisa wa mfalme alichukua baadhi ya vitu vyake. Akizidi kukaidi, vikachukuliwa vingine. Lakini havikuuzwa. Vilikuwa rehani tu, ng'ombe wakafungiwa zizini mpaka mwenyewe atokee. Sheria ya Marlborough ya mwaka 1267 ilikataza kukamata kupita kiasi na kuswaga wanyama nje ya jimbo. Hata wanyama wa kulimia hawakuguswa maadamu kulikuwa na kitu kingine cha kutosha.

Tanganyika ilipokea sheria za Waingereza kuanzia 1920, na taratibu za madai kutoka India. Mwaka 1966 tukatunga za kwetu. Kifungu cha 48 kinamkinga mkulima asinyang'anywe zana, ng'ombe na mbegu zinazomlisha. Nilipoyasoma hayo nilikuwa nimekwisha kustaafu. Nikaweka kitabu chini.

Mwaka 1987, hapa Uyole, mgambo walifika kwa jirani yangu kudai kodi ya maendeleo. Walichukua sufuria mbili na plau. Mimi, mwalimu mkuu, niliombwa niishuhudie orodha, nikatia sahihi kwa mwandiko mzuri. Ulikuwa mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zimeshanyesha. Mwanasheria ataniambia kuwa kodi si hukumu ya madai, na kifungu kile hakihusiki. Sawa. Lakini jirani aliniuliza, "Mwalimu, hiyo kodi nitailipa kwa kulima na nini?" Nikamjibu kuwa ndiyo sheria.

Kodi ile ilifutwa mwaka 2003. Plau haikurudi. Msimu ule alilima kwa jembe la mkono, yeye na wanawe wawili, ambao walikuwa wanafunzi wangu. Katika daftari la mahudhurio niliwaandika watoro.