Kitegemezi na Kitegemewa: Historia ya Istilahi Moja na Fundisho la Tunduma

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi moja ya waundaji wa programu za kompyuta. Ikifasiriwa neno kwa neno huwa "udungaji wa utegemezi". Tunaona kwamba tafsiri hiyo ina kasoro, na kwamba historia ya mpaka wa Tunduma, uliomo katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, yaweza kutuongoza kwenye iliyo bora.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Programu kubwa hujengwa kwa vitu vingi vidogo, kila kimoja na kazi yake. Tuchukue mfano wa kubuni: kikokotoo cha ushuru wa forodha huko Tunduma kinahitaji chombo cha kukipa thamani ya kwacha kwa shilingi. Kikokotoo kikijiundia chombo hicho ndani yake, hakiwezi kupimwa wala kurekebishwa pasipo hicho. Lakini chombo kikiundwa nje kisha kikakabidhiwa kikokotoo, twaweza kuweka kingine mahali pake bila kuvunja chochote. Mtindo huu ulikwisha kuitwa "kupindua udhibiti", jina lililokuwa pana mno. Januari 2004 Martin Fowler aliandika kwamba, baada ya mashauriano na wenzake, walikubaliana juu ya jina mahususi zaidi, ndilo tunalolijadili. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Mtumiaji wa kompyuta akapata msamiati. Muundaji akabaki akingoja.

Sasa tulitazame neno "utegemezi". Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangaza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Na Septemba mwaka huo Tanzania, Zambia na China zikatia sahihi mapatano ya reli. Tangu walowezi wa Rhodesia ya Kusini wajitangazie uhuru mwaka 1965, shaba ya Zambia ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini. Reli hiyo ya kilomita 1,860, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ilivuka mpaka hapo Tunduma. Kwa hiyo, kwa msomaji wetu, utegemezi ni hali, tena hali ya unyonge. Ukiongeza neno "kudunga", msomaji hujikuta hospitalini. Hali haidungwi, kinachotolewa ni kitu kinachotegemewa.

Ugumu huzidi pale kitu kinapotoka katika maktaba ya programu iliyoundwa na watu wengine. Hapo hatuwezi kukifungua na kukitia alama zetu. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na Reli ya Kati ya zamani milimita 1,000. Behewa la moja halipiti katika nyingine, na huko Kidatu zinapokutana ilibidi pawepo mahali pa kuhamishia mizigo. Muundaji naye hufanya vivyo hivyo: huandika kiundaji kidogo, ambacho hukiunda kitu cha wageni kwa masharti ya mwenyewe, kisha hukikabidhi kwa programu. Na iwapo maktaba ya wageni hujiundia vitu vyake kwa wakati wake, hatuwezi kuvikabidhi chochote vinapoundwa; hatuna budi kuvikabidhi baadaye.

Kwa sababu hizo tunapendekeza "ukabidhi wa vitegemewa". Kinachopokea kiitwe kitegemezi, kinachopokewa, kitegemewa. Kisha tutenganishe "ukabidhi wakati wa kuunda" na "ukabidhi baada ya kuunda". Kwa maneno hayo, mfasiri wa mkataba ataweza kuonyesha wazi ni nani aundaye, ni nani akabidhiye, na ni nani apokeaye. Neno "udungaji" huficha mambo hayo matatu, na mfumo unapoharibika ndipo watu huanza kuulizana dhamana ilikuwa ya nani.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2019 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambamo Zambia na Tanzania zote zimo, na mwaka huo huo kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa. Mifumo inayohudumia watu wa pande mbili yahitaji maneno yasiyo na utata. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya katika kazi zao. Yakishindwa, na yaachwe, mradi yatakayoshika nafasi yake yatofautishe hali na kitu, na muundaji na mkabidhi.