Data loga inapokaa kimya: namna ya kupata na kusoma kumbukumbu zake za mfumo

Data loga ni kifaa cha kielektroniki kinachopima na kuhifadhi vipimo chenyewe, bila mtu kukaa karibu nacho. Utaikuta ndani ya boksi kwenye kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha, kando ya mto panapopimwa kina cha maji, kwenye visima vya miradi ya maji, viwandani, na ndani ya jokofu la chanjo la zahanati. Watu wengi wanafahamu matokeo yake tu, yaani milimita za mvua, nyuzi za joto na mita za kina cha mto.

Lakini kila data loga ina habari nyingine inayoandika kimyakimya kuhusu afya yake yenyewe. Hizo ndizo kumbukumbu za mfumo, ambazo mafundi wengi huziita logi. Ndizo zinazojibu swali moja zito: je, namba tuliyoipata ni ya kweli, au kifaa kilikuwa kimezima? Kijiji kilicho chini ya mto kinaposubiri tahadhari ya mafuriko, jibu la swali hilo si la mafundi peke yao.

Aina mbili za kumbukumbu

Ya kwanza ni kumbukumbu ya vipimo. Hii ni jedwali lenye tarehe, saa na kiasi kilichopimwa na kila kihisi. Ya pili ni kumbukumbu ya mfumo. Hii haisemi mvua ilinyesha kiasi gani, bali inasema betri ilikuwa na volti ngapi, kifaa kiliwaka lini mara ya mwisho, programu iliyomo ni ipi, na mara ngapi kilikwama kikajiwasha upya.

Kosa la kawaida ni kusoma ya kwanza bila kuitazama ya pili. Sifuri kwenye safu ya mvua inaweza kumaanisha hakukunyesha. Inaweza pia kumaanisha buibui amejenga utando ndani ya kipima mvua, majani yameziba mdomo wake, au waya umekatika. Vipima mvua vingi vya aina hii vina kijikombe kinachopinduka kila kinapojaa, na mara nyingi pindu moja ni sawa na milimita 0.2. Data loga huhesabu mapindu hayo tu. Kijikombe kisipopinduka, itaandika sifuri kwa uaminifu kabisa, hata kama nje mvua inamwagika.

Zinapatikana wapi

Mahali hutegemea aina ya kifaa, ila njia kuu ni tatu.

Njia ya kwanza ni kioo cha kifaa chenyewe au vitufe vyake, kama kinavyo. Tafuta menyu ya hali ya kifaa au ya matukio.

Njia ya pili ni kuunganisha kompyuta kwa waya na kufungua programu ya mtengenezaji. Kwa data loga za Campbell Scientific, kampuni ya Marekani ambayo vifaa vyake hutumika sana kwenye vituo vya hali ya hewa, taarifa hizi zimo katika jedwali liitwalo Status. Unaweza kulifungua kupitia programu ya LoggerNet au ile ya bure iitwayo Device Configuration Utility.

Njia ya tatu ni faili. Vifaa vingine huandika matukio kwenye kadi ya kumbukumbu au huyatoa kama faili ukivichomeka kwenye kompyuta. Mara nyingi faili hizo ni maandishi ya kawaida, na unaweza kuzifungua kwa programu yoyote ya kuandikia.

Mistari ya kutazama kwanza

Jedwali la hali linaweza kuwa na mistari mingi ya kumtisha mgeni. Michache hii ndiyo inayoeleza matatizo mengi. Majina tunayotaja ni yale ya data loga za Campbell. Vifaa vingine vina majina yao, lakini maana ni zilezile.

Volti ya betri kuu (Battery). Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huwa na karibu volti 12.7. Mchana, paneli ya sola inapochaji, namba hupanda hadi 13 na zaidi. Ikiwa mchana wa jua kali haivuki 12.5, chaji haiingii vizuri.

Betri ndogo ya ndani (LithiumBattery). Hii hulinda saa ya kifaa umeme mkuu ukikatika, na katika baadhi ya vifaa hulinda pia data. Ikiwa mpya huwa na takriban volti 3.6. Ikishuka chini ya 2.7 inatakiwa kubadilishwa. Ikifa, umeme mkuu ukikatika mara moja tu kifaa kinapoteza saa, na rekodi zinazofuata zinaweza kuja na tarehe ya miaka mingi iliyopita.

Idadi ya kushuka kwa volti (Low12VCount). Ni kaunta inayoongezeka kila volti inaposhuka chini ya kiwango cha kufanyia kazi.

Idadi ya kukwama na kujiwasha upya (WatchdogErrors). Ndani ya kifaa kuna mlinzi anayekiwasha upya kikikwama. Kaunta hii ikiwa sifuri, ni vizuri. Ikipanda baada ya radi, kagua waya wa ardhini. Ikipanda kila siku, tafuta hitilafu ya programu, ya umeme au ya kifaa chenyewe.

Vipimo vilivyorukwa (SkippedScan). Kifaa kimepewa kazi nyingi kuliko muda uliopo, kwa hiyo baadhi ya vipimo havikufanyika.

Muda programu ilipoanza (StartTime). Ukijua hakuna fundi aliyefika kituoni tangu mwezi uliopita, na mstari huu unaonyesha programu ilianza jana alfajiri, basi kifaa kilizimika na kuwaka chenyewe.

Namba ya rekodi ni shahidi

Pembeni ya tarehe na saa, data loga nyingi huweka namba ya mfululizo kwa kila mstari wa vipimo. Wengi huifuta wanapopeleka data kwenye jedwali la kompyuta. Usiifute, kwa maana inatofautisha aina tatu za pengo.

Kama saa zimeruka lakini namba za rekodi zinafuatana, kwa mfano 812 kisha 813, kifaa hakikuwa kinarekodi katika muda huo, au saa yake ilibadilishwa. Data hiyo haipo popote.

Kama saa zimeruka na namba nazo zimeruka, kwa mfano 812 kisha 840, kifaa kilirekodi lakini data haikufika kwako. Huenda mtandao ulikatika. Inawezekana bado imo ndani ya kifaa, hivyo wahi kuichukua kabla kumbukumbu haijajaa, kwa sababu katika vifaa vingi ikijaa rekodi mpya hufuta za zamani.

Kama namba zimeanza upya kutoka sifuri, jedwali limefutwa. Mara nyingi ni kwa sababu mtu ameweka programu mpya.

Saa tatu zinazochanganya

Vituo vingi vya hali ya hewa hutumia saa za dunia, yaani UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Sisi nasi tuna saa zetu za Kiswahili, zinazoanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Kwa hiyo 06:00 kwenye data loga yenye UTC ni 09:00 kwa saa za Afrika Mashariki, na mtaani tunaiita saa 3:00 asubuhi. Huo ndio muda ambao kwa desturi mvua ya saa 24 husomwa vituoni kwetu.

Kabla ya kusema mvua ilinyesha saa ngapi, uliza kwanza saa ya kifaa imewekwa kwa mfumo gani. Uliza pia alama ya muda inawakilisha mwanzo au mwisho wa kipindi. Kwenye data loga za Campbell, rekodi ya kila saa yenye alama ya 15:00 hubeba mvua ya kati ya 14:00 na 15:00. Na jumla ya siku yenye alama ya tarehe 5 saa 00:00 ni mvua ya tarehe 4. Kosa la siku moja linaweza kufanya mafuriko yaonekane yametangulia mvua.

Namba ambazo si vipimo

Kihisi kikikatika waya, mara nyingi data loga haiachi nafasi wazi. Huandika NAN, kumaanisha hapa hakuna namba. Baadhi ya zile za zamani huandika -6999. Alama hii ni hatari kwa sababu kompyuta huiona kama namba ya kawaida. Chukua saa 23 zenye joto la nyuzi 24 na saa moja yenye -6999. Ukitafuta wastani wa siku utapata nyuzi -268.6. Hapo kosa linaonekana wazi. Lakini ukitafuta wastani wa mwaka mzima wa kila saa, alama hiyohiyo moja itaushusha kwa chini ya nyuzi 1 tu, na hakuna atakayeshtuka. Ondoa alama hizi kabla ya hesabu yoyote.

Tusome mfano mmoja

Tuchukue kituo cha mvua kilicho mlimani, ambacho data yake hutumiwa kuwatahadharisha watu wa bondeni. Kwa siku 3 mfululizo, rekodi za kati ya saa 11:00 alfajiri na saa 2:00 asubuhi hazipo. Siku ya tatu ripoti inaonyesha milimita 12, lakini mto umefurika.

Tunafungua kumbukumbu. Namba za rekodi zinafuatana bila kuruka, kwa hiyo kifaa kilikuwa kimezima. Betri ndogo ina volti 3.5, ndiyo maana saa haikupotea. Kaunta ya kukwama ni sifuri, kwa hiyo programu haina neno. Kaunta ya kushuka kwa volti imepanda. Volti ya mwisho kabla ya pengo ni 10.1, na mchana haikuvuka 12.4.

Jibu limejitokeza. Betri haijai mchana, inaishiwa alfajiri, na kifaa kinazinduka jua likishapanda. Fundi akague kama paneli ina vumbi, imezibwa na matawi, fyuzi imeungua au betri imezeeka. Na muhimu zaidi, zile milimita 12 zisitangazwe kama jumla ya mvua. Usemi sahihi ni "angalau milimita 12, kituo kilizima kwa saa 3". Mapindu yote ya alfajiri yalitokea bila mtu wa kuyahesabu.

Jokofu la chanjo: kanuni ni ileile

Zahanati nyingi hutumia kirekodi cha joto cha siku 30, kama Fridge-tag. Chanjo katika jokofu zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi +2 na +8. Kwa viwango vinavyotambuliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), kirekodi cha aina hii hutoa king'ora joto likizidi +8 kwa saa 10 mfululizo, au likiwa -0.5 au chini zaidi kwa dakika 60.

Msomaji atazame mambo mawili: king'ora ni cha joto au cha baridi, na kilidumu muda gani. Chanjo za pentavalenti, pepopunda na HPV huharibika zikiganda. Chanjo ya matone ya polio huathirika zaidi na joto. Kwa hiyo king'ora kimoja hakimaanishi kutupa kila kitu, wala ukimya haumaanishi usalama. Kirekodi kilichoishiwa betri hakina king'ora. Siku zisizo na rekodi zihesabiwe kuwa hazijulikani, na ripoti ipelekwe kwa msimamizi wa chanjo wa wilaya kabla chupa hazijatumika au kutupwa.

Ukifika kwenye kifaa, fuata mpangilio huu

1. Usizime wala usiwashe chochote. Kuzima hubadilisha baadhi ya taarifa za mfumo.
2. Linganisha saa ya kifaa na saa yako, uandike tofauti. Usiirekebishe bado.
3. Pakua data yote. Kuweka programu mpya kunaweza kufuta iliyopo.
4. Hifadhi au piga picha jedwali la hali, ikiwemo kaunta zote.
5. Hapo ndipo utengeneze, ubadilishe betri au urekebishe saa.
6. Rudisha kaunta kwenye sifuri na uandike tarehe kwenye daftari la kituo. Bila daftari, atakayekuja baadaye hatajua kaunta ilianza lini.

Maswali ya mwananchi na kiongozi

Huhitaji kuwa fundi ili kuuliza. Ukiambiwa kifaa hakikuonyesha mvua, kina cha mto au joto la hatari, uliza haya. Kifaa kilikuwa kimewaka muda wote? Kuna pengo lolote kwenye rekodi? Volti ya betri ilikuwa ngapi usiku huo? Mara ya mwisho kilikaguliwa lini, na imeandikwa wapi?

Majibu yote manne yanatakiwa kuwa kwenye kumbukumbu za mfumo na daftari la kituo. Yasipokuwepo, namba uliyopewa ichukuliwe kwa tahadhari, hasa kama watu wanaitegemea kuamua walale nyumbani au wahame kwenda mlimani.