Wasifu wa Mteja na Ujifunzaji wa Vikundi katika Mafunzo ya Tiba Kazi: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Segerea

Katika mafunzo ya tiba kazi, wanachuo hugawanywa katika vikundi vidogo, hupewa kisa cha mteja, kisha hutakiwa kubaini anachoweza kufanya, kinachomkwamisha na namna ya kumrejesha kwenye shughuli zake. Insha hii inafuatilia chimbuko la mbinu hiyo na kuhoji mteja anayeandikwa katika kisa hicho ni wa wapi.

Tiba kazi ilipata chama chake cha kwanza nchini Marekani mwaka 1917, kwa imani kwamba shughuli yenye maana huponya. Ujifunzaji kwa visa ulitoka kwingine. Mwaka 1963, huko Los Angeles, daktari Howard Barrows alianza kutumia watu waliofunzwa kuigiza wagonjwa. Mwaka 1969, Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari, waliojifunza katika vikundi vidogo kwa kuanzia kwenye tatizo badala ya mhadhara. Mbinu hiyo ilienea katika fani nyingine za afya na kufika Afrika Mashariki, ambako kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kiliijengea mtaala wake.

Hata hivyo, wazo la kazi kama tiba lilikwishakuwapo Tanzania. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha hospitali ya wagonjwa wa akili Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1904, na shughuli za mikono zilikuwa sehemu ya maisha ya pale. Enzi za Ujamaa vilianzishwa vijiji vya utengamao, kama Hombolo mkoani Dodoma na Vikuruti pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako wagonjwa walilima na kuishi kwa ushirika. Mafunzo rasmi ya fani yalianza Kenya mwaka 1968. Kwa Tanzania, yalikuja kupata makao KCMC, Moshi. Hivyo, mbinu ilipowasili, ilikuta urithi ambao visa vya vitabuni havikuutaja.

Tofauti hiyo hudhihirika wasifu unapowekwa Segerea, wilayani Ilala. Tuchukue mfano wa kubuni: mama lishe wa miaka 52 aliyepatwa na kiharusi kilichodhoofisha mkono na mguu wa kulia. Amepanga chumba kimoja. Choo ni cha nje, cha kuchuchumaa. Maji huchotwa kwa ndoo. Sokoni huenda kwa daladala. Wasifu wa kigeni ungeuliza kama anaweza kuingia kwenye beseni la kuogea. Kikundi cha wanachuo kinachomsoma mama huyu hakina budi kuuliza atasongaje ugali kwa mkono mmoja, ataepuaje sufuria kwenye jiko la mkaa, na nani atalipa mchango wake wa kikoba wakati hauzi chakula. Swali la mwisho si la kijamii tu. Akikosa mtaji, atarudi kibandani kabla mwili haujawa tayari, au hatarudi kabisa.

Hapo ndipo kikundi kinapoonesha thamani yake. Mwanachuo aliyekulia kijijini na yule wa mjini hawaioni ndoo ile ile kwa jicho moja, na ubishi wao humlazimisha kila mmoja kueleza sababu za hatua anayopendekeza. Lakini wasifu una hatari yake: ukirudiwa mwaka hadi mwaka, mama lishe hugeuka kielelezo cha umaskini, na mtu hupotea. Ndiyo maana Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba Kazi hudai saa zisizopungua 1,000 za mafunzo kwa vitendo. Kisa humwandaa mwanachuo kuuliza. Mteja halisi ndiye anayejibu.

Kwa hiyo, historia ya mbinu hii haipaswi kuanzia McMaster pekee. Wasifu utakaomfaa mtaalamu wa Segerea unapaswa kuandikwa kutokana na maisha ya Segerea, na kusomwa pamoja na mafunzo ya Lutindi, Hombolo na Vikuruti.